Diski Iliyokataa Kupungua

"Nafasi haitoshi," Mama alisoma kwenye skrini, kwa sauti ileile anayosomea matokeo yangu ya hisabati.

Alikuwa ameketi chumba cha mbele, ambacho ni sebule akija mgeni na ni studio akija mteja. Mama hurekodi video za harusi na kuzihariri mwenyewe, na mtaa mzima humwita Mama Kamera. Siku hiyo alikuwa na harusi ya binti wa Mwalimu Mstaafu. Ilikuwa imeshakatwa na kupangwa, imebaki tu kuunganishwa iwe video moja ya kutazamika. Kila alipobonyeza, kompyuta ilifikiri kidogo kisha ikamjibu vilevile: nafasi haitoshi.

"Injinia!" akaita.

Injinia ni mimi. Jina hilo nilijipa mwenyewe niliporudi likizo iliyopita kutoka shule ya bweni, ambako ni mwanachama wa klabu ya kompyuta, na familia ikalipokea kama watu wanavyopokea mvua wakiwa wameshaanua nguo. Nilitoka chumbani taratibu, mikono nyuma, kama daktari bingwa anayepita wodini. Niseme mapema kwamba baadhi ya mambo nitakayoyasimulia sikuwepo yakitokea. Lakini nyumba yetu ina kuta nyembamba na dada mwenye mdomo mpana, kwa hiyo hakuna kilichonipita.

"Futa vitu visivyo na maana," nikaandika dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

"Kama vipi?"

"Tuanze na nyimbo za Dada."

"Thubutu!" ilisema sauti ya Dada kutoka jikoni.

Kabla sijathubutu, ikabishwa hodi mlangoni, na Mama akasimama haraka akinyoosha gauni. Mwalimu Mstaafu ndiye aliyemfundisha kusoma, na kuna hofu ambazo haziishi hata mtu akiwa na watoto wenye ndevu chache kama zangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukuharakisha."

Aliketi kwenye ncha ya kiti kana kwamba kiti ni cha kuazima. Zamani sauti ya mwanamke huyu ilivuka uwanja wa mpira na kumkuta mtoro upande wa pili. Tangu azike mumewe, alikuwa akiongea kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Mzee alifariki ghafla, muda mfupi baada ya harusi hiyohiyo.

"Ngoma na keki mpelekee bibi harusi," akasema. "Mimi nataka hotuba ya mzee tu. Pale aliponitaja. Aliposhika kipaza sauti mimi nilikuwa nje nagombana na watu wa sahani, sikusikia hata neno. Sasa kila mtu ananiletea ya kwake. Mmoja anasema alinisifu, mwingine anasema alinisema vibaya, shemeji yangu anasema eti alilia. Mzee yule alie?"

"Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, Mwalimu, nilimsiki…"

"Usiniambie!" Kisha akashusha sauti. "Nisamehe, mwanangu. Nimechoka kuambiwa. Simu zote za wageni zilikuwa zinamulika keki, hakuna aliyekuwa na habari na mzee. Wewe peke yako ndiye uliye naye. Nataka nimsikie mwenyewe, kwa mdomo wake."

Mama akaitazama kompyuta. Kompyuta ikamtazama Mama: nafasi haitoshi.

"Ijumaa," Mama akasema. "Njoo Ijumaa, utamsikia."

Alipomsindikiza mpaka getini, Mwalimu alinipa mkono nami pia. "Nasikia wewe ndiye mtaalamu," akaniambia. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu ambaye tayari anajiona kwenye gazeti.

*

Tulifuta nyimbo za Dada. Diski ikabaki imejaa.

Tulifuta video za Baba za majokofu. Baba ni fundi wa majokofu, na alikuwa amekusanya masomo ya kompresa za kila aina, ambazo aliziangalia Jumapili jioni kama watu wengine wanavyoangalia mpira. Alisimama nyuma yangu akishuhudia mazishi. "Hiyo nayo?" aliuliza kila mara. "Hiyo ni ya gesi mpya, Injinia. Hiyo nayo?" Nikafuta na ya gesi mpya. Diski ikabaki imejaa vilevile, haikupungua hata kwa adabu tu.

"Virusi," nikatangaza.

Nikatafuta virusi, sikupata hata kimoja.

"Basi ni vumbi," nikasema, kwa kuwa mbele ya hadhara ni afadhali kukosea kuliko kunyamaza. Baba akalileta lile blowa lake la kusafishia majokofu, akafungua kasha la kompyuta na kulipuliza mpaka sebule ikawa kama barabara ya machimbo. Tulipowasha tena, kompyuta ilikuwa safi, inang'aa, na imejaa.

Hapo ndipo mashine ilipovuka mpaka wa ustaarabu. Nilichagua folda nyingine, nikabonyeza futa, nayo ikanijibu kwamba haiwezi kufuta kwa sababu hakuna nafasi.

"Soma tena," Baba akasema.

Nikasoma tena.

"Yaani ili kitu kitoke, kinahitaji nafasi ya kutokea?"

"Kitaalamu, ndiyo." Nilikuwa sielewi kitu, lakini neno "kitaalamu" limeniokoa mara nyingi maishani.

Dada akatumwa dukani kuuliza diski mpya. Alirudi amenuna. Muuzaji alikuwa ameitoa diski kabatini, akamtazama Dada viatu, akairudisha kabatini na kugeuza ufunguo, yote hayo kabla Dada hajamaliza kuuliza bei. "Hata kushika hakuniachia," akasema. Mama alikuwa amekunja kitambaa cha kufutia lenzi mpaka kikawa kidogo kama kibiriti.

Nikarudi kwenye kiti nikiwa na hasira za kishujaa. Nikaziona folda mbili. Moja imeandikwa "Harusi ya Mwalimu" na nyingine "Harusi ya Mwalimu kazi". Kitu kimoja mara mbili! Nikacheka kwa huruma, kama mtu anayegundua kwamba mama yake, pamoja na mema yote, hakubahatika kuingia klabu ya kompyuta. Mashine safari hii ikakubali, nikaifuta ya kwanza, nikabakiza ile yenye neno "kazi", kwa kuwa kazi ndiyo iliyokuwa inadaiwa. Sikumuuliza mtu. Mama alikuwa jikoni, na jikoni ni mbali: hatua chache hivi.

Diski ikabaki imejaa.

*

Ukweli niliupata kwa njia ya aibu, yaani kwa kusoma maelezo. Nilikaa nayo mchana kutwa, na kila nilivyosoma ndivyo masikio yangu yalivyopata moto. Nikaita kikao cha familia.

"Tatizo limejulikana," nikaanza, nimesimama. "Ndani ya mfumo huu kuna kitu kinaitwa snapshoti. Kila adhuhuri kompyuta inajitazama yote, inakariri ilivyo, na kuapa kwamba haitasahau. Ukifuta faili baada ya hapo, linatoweka machoni petu tu. Snapshoti bado imelishika mkono. Na maadamu imelishika, nafasi yake haitoki."

Dada alikuwa wa kwanza kupona.

"Kwa hiyo nyimbo zangu hukuzifuta."

"Nilizifuta. Ila zipo."

"Na nafasi haikupatikana."

"Haikupatikana."

"Kwa hiyo ulichofuta ni raha yangu tu."

"Kitaalamu…"

"Na nani," Baba akauliza kwa upole, akichunguza kucha zake, "aliyeziweka hizo snapshoti kwenye mashine ya mama yako?"

Nikatazama dari. Dari yetu ina doa la maji lenye umbo la samaki. "Kuna mtaalamu mmoja," nikasema, "aliyekuja likizo iliyopita."

Dada akacheka mpaka akashika ukuta. Hata Mama alitabasamu, na kwa tabasamu lile nilijiona nimesamehewa na nimepandishwa cheo kwa pamoja. "Haya," akasema, "unaweza kuziondoa?"

"Mara moja!"

Zikajipanga kwenye skrini kwa tarehe, kuanzia kongwe mpaka changa. Hapa naomba msomaji anielewe, maana mahakama ya nyumbani haikunielewa. Mimi nimelelewa. Nyumbani kwetu mkubwa hupishwa kiti na mdogo husimama, mkubwa hunawa kwanza, na bwenini ni hivyohivyo: wa kidato cha kwanza ndio huchota maji. Nilipoiona ile safu, mkono wangu ukaenda wenyewe kwa wadogo. Ile ya jana ikaondoka. Ya juzi ikaondoka. Nikawa napanda taratibu kuelekea kwa wazee, nikiwaacha wakongwe wakae walipokaa kwa heshima zao.

Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Kisha nikafuta moja zaidi, na ghafla nafasi ikafunguka, kubwa, nyeupe, kama uwanja wa shule siku ya kufunga.

"Imetoka!" nikapiga kelele.

Baba alinipiga mgongoni kwa mkono wa kufungulia nati. Mama akaenda kuchemsha chai. Dada, ambaye hasifu mtu, alisema, "Mh." Baba hakungoja hata chai, akachomeka simu yake na kuanza kurudisha masomo ya kompresa, kuanzia ya gesi mpya. Tulikunywa chai tumeuzunguka uwazi ule kama watu waliochimba kisima.

Mama akaketi, akafungua kazi yake, akabonyeza.

Skrini ikawa nyekundu. Kila kipande cha harusi kiliandikwa maneno mawili: faili halipo.

"Nafasi si ipo?" Mama akaniuliza.

"Ipo."

"Sasa harusi iko wapi?"

Akaitafuta folda ya "Harusi ya Mwalimu". Akaitafuta tena, polepole, kama mtu anayepapasa mfuko ambao anajua umetoboka. Nikamweleza kwamba ile ilikuwa ya ziada, kwamba ile ya "kazi" nimeibakiza, na nikiwa katikati ya sentensi nikaona uso wake.

"Kwenye 'kazi' hamna picha," akasema. "Mna maagizo tu. Kata hapa, unga pale. Picha zenyewe zilikuwa kwenye ile nyingine."

"Na kadi ya kamera?"

"Nimesharekodia mahafali ya watoto wa chekechea."

Sikuhitaji klabu yoyote kuelewa yaliyobaki. Nilipoifuta folda, snapshoti zilikuwa bado zimeishika harusi nzima, ndiyo maana diski haikupungua. Kisha nikazibandua mikono, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho ikaachia. Uwazi ule tulioushangilia kwa chai ulikuwa na umbo la mzee yule. Na pale ambapo pengine mabaki yangeweza kuokotwa, Baba alikuwa ameshajaza kompresa.

Mama hakunipiga wala hakunifokea. Alivua miwani, akaiweka juu ya meza, akasema kwa sauti ya chini, "Nilimwahidi Ijumaa." Ningependelea mkanda.

*

Dada ndiye aliyeuliza. "Wale wazee wako uliowapisha viti, hawana kitu?"

Nilikimbilia kiti mpaka nikakipindua. Snapshoti kongwe zilikuwa bado zipo, na katika ya mwisho kati ya hizo, ile niliyoishia mlangoni pake, nikaikuta folda. "Harusi ya Mwalimu". Ndani yake mkawa na faili la hotuba!

"Lipo! Mama, lipo! Heshima kwa wakubwa imelipa!"

Tukakusanyika. Nikalifungua. Tukamwona mzee akisimama, akisogeza kipaza sauti, akianza kuongea. Mama akafunika mdomo kwa furaha. Kisha picha ikakwama, mzee akiwa ameacha mdomo wazi, na haikuendelea tena. Nikaifunga, nikaifungua tena. Akakwama palepale.

"Ilikuwa saa ngapi ulipokuwa unahamisha kutoka kwenye kadi?" nikauliza, ingawa nilishajua.

Mama akafikiri. "Mchana. Nakumbuka niliacha inahamisha nikaenda kupakua chakula."

Adhuhuri. Snapshoti haikungoja wali ushuke mezani wala mzee amalize kuingia. Ilikariri nyumba kama ilivyoikuta: mtu mmoja yuko mlangoni, mguu ndani, mguu nje. Haikukosea hata kidogo. Ile iliyofuata, yenye mzee mzima, nilikuwa nimeifuta kwa sababu ilikuwa ndogo kwa umri.

"Tumwambie kompyuta imeharibika," Dada akashauri. "Watu wote wanaelewa kompyuta ikiharibika."

"Kompyuta ni nzima," Mama akasema. "Imesafishwa hata vumbi." Akanitazama. "Ijumaa utakuwa hapa. Hutakwenda kushonesha kiatu, hutakwenda kwa rafiki. Hapa."

*

Mwalimu alikuja amevaa kama mtu anayekwenda kumpokea mtu stendi. Alikuwa amejipaka hata mafuta ya kunukia. Baba akasalimia, akakumbuka jokofu fulani lililohitaji kufunguliwa uani, akatoweka. Dada akabaki mlangoni na taulo la vyombo.

Mama akamwambia ukweli kabla ya kuwasha, kwa kifupi, bila kunitaja: sehemu kubwa ya rekodi imepotea, imebaki mwanzo wa hotuba tu. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kama ambaye hakusikia. "Washa," akasema.

Mzee akatokea, ndani ya koti lililomzidi mabega. Akagonga kipaza sauti. "Inasikika? Nyie wa nyuma mnanisikia?" Watu wakaitikia. Akawashukuru wazazi wenzake, akaishukuru kamati, akamshukuru mpishi. Mwalimu alikuwa ameinama mbele, mikono kwenye magoti, midomo ikitembea pamoja na yake. Mzee akageuka kuangalia kushoto na kulia.

"Naona mama mwenye nyumba hayupo ukumbini," akasema. "Vizuri. Sasa ninaweza kusema ukweli juu yake. Mke wangu huyu…"

Akakwama, mdomo wazi.

Tulingoja.

"Endelea," Mwalimu akasema.

"Imeishia hapo, Mwalimu."

"Hapana. Hapo ndipo anapoanza."

Nikasogea mbele. "Ni mimi, Mwalimu. Nilifuta mimi. Nilidhani… kitaalamu, snapshoti ni…"

"Sikukuuliza hilo, mwanangu," akasema polepole, bila hata kunitazama. Nimewahi kupigishwa magoti na kiranja, nimewahi kusomwa jina paredini mbele ya shule nzima, lakini sijawahi kuwa mdogo kama nilivyokuwa wakati ule.

Akaendelea kuutazama ule mdomo uliokwama. Aliomba irudiwe, ikarudiwa. Aliomba tena. Mara hiyo ya mwisho, mzee alipokwama, Mwalimu alinyoosha kidole kana kwamba angeweza kumsukuma kidogo aendelee. Kisha akamgeukia Mama.

"Wewe ulimsikia."

"Nilimsikia, Mwalimu. Nilikuwa na hedifoni masikioni."

"Basi sema. Lakini usinipambie. Ukinipambia nitajua."

Mama akavuta stuli, akaketi mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa kusoma.

"Alisema, 'Mke wangu huyu ananifokea tangu siku ya pili ya ndoa. Siku ya kwanza alikuwa bado mgeni.' Watu wakacheka. Akasema, 'Ananifokea nikichelewa, ananifokea nikiwahi. Hata sasa mkitega masikio mtamsikia huko nje anawafokea watu wa sahani.' Watu wakacheka zaidi, wengine wakageuka dirishani."

"Kweli nilikuwa nawafokea," Mwalimu akasema.

"Akangoja watulie. Kisha akasema, 'Lakini mimi nikiwa narudi zangu jioni, nimechoka, nikifika pale kwenye kona na kuanza kuisikia ile sauti, huwa nasema, haya, nimefika kwangu.' Basi. Akaketi."

"Alicheka aliposema hivyo?"

"Watu walicheka. Yeye hakucheka."

"Alilia?"

"Hapana, Mwalimu. Alifuta kipaza sauti kwa leso, akakirudisha."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Huyo ndiye," akasema. "Kufuta kipaza sauti kwa leso. Hilo hakuna mtu wa kulitunga." Akatoa leso yake mwenyewe, akaitumia, akaikunja, akairudisha kwenye mkoba na kuufunga. Alikaa hivyo kwa muda, akiwa ameshika mkoba, kifua kikipanda na kushuka. Nilidhani anajiandaa kuondoka, nikasogea nimfungulie mlango.

"Na wewe!"

Taulo lilimtoka Dada mkononi. Vioo vya kabati vilitetemeka, naapa.

"Ndiyo, wewe! Unakwenda wapi? Nani alikuruhusu uondoke? Simama wima! Toa mikono mfukoni! Nani alikufundisha kufuta kitu usichokijua? Mama yako alikuwa jikoni, jikoni! Miguu huna? Mdomo huna? Mbona sasa hivi unao? Shule mnafundishwa nini huko, kuvaa tai? Niangalie ninapoongea! Mtoto mzima na akili zako, unamfuta mume wa mtu!"

"Nisamehe, Mwa…"

"Sijamaliza!"

Hakuwa amemaliza kabisa. Alikuwa ndiyo kwanza anapata pumzi. Alinifokea kwa kufuta, akanifokea kwa kutouliza, akanifokea kwa nywele. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuwa na habari nayo, sauti ikipanda ngazi moja baada ya nyingine, pana, kavu, ile ya kuvuka uwanja wa mpira. Uani, mlio wa bisibisi ya Baba ukakoma. Barabarani watu walipunguza mwendo.

Mama, kwa mazoea ya mtu mwenye majirani, alinyanyuka kwenda kufunga dirisha. Akafika, akaweka mkono kwenye komeo, akasimama kidogo akimsikiliza Mwalimu. Kisha akalifungua lote.